Kisukari cha watoto Kasese: kinga inapokosea, na isipokosea

Mtoto hufikishwa Hospitali ya Bwera, wilayani Kasese, Uganda, akiwa amekonda ndani ya wiki chache, hakati kiu, anakojoa usiku kucha, na sasa anatapika na kuhema kwa nguvu. Malaria ndiyo hushukiwa kwanza, na kipimo chake kikionyesha vimelea, mhudumu anaweza kuridhika akaishia hapo, ilhali magonjwa hayo mawili yanaweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Tone la damu la kidoleni likipimwa sukari na kukutwa iko juu mno, daftari lake litaandikwa kisukari aina ya kwanza, naye ataanza insulini. Hivyo ndivyo inavyopasa, kwa maana insulini haingoji mjadala. Lakini jina hilo linabeba dai zito: kwamba kinga ya mtoto imezigeukia seli za beta, zinazotengeneza insulini katika kongosho lake mwenyewe, na kuziua. Ninachosema hapa ni kwamba dai hilo linahitaji kupimwa, kwa sababu kwa vijana wengi wa Uganda huenda si kweli.

Kinga hufunzwa kuuvumilia mwili wake. Seli T, ambazo ni seli za kinga, hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo jeni iitwayo AIRE huzifanya seli za tezi zitengeneze kiasi kidogo cha protini za viungo vingine, insulini ikiwamo, na seli T zinazozishikilia kwa nguvu mno nyingi huuawa kabla hazijaingia kwenye damu. Baadhi huponyoka. Hizo hutulizwa na seli T nyingine zinazotegemea jeni ya FOXP3. Ugunduzi wa seli hizo za kutuliza na jeni hiyo ndio uliowapa Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025. Mtoto anayezaliwa na FOXP3 yenye hitilafu huweza kupata kisukari akiwa bado mchanga. Kwa wagonjwa wengine, karibu nusu ya hatari ya kurithi iko katika jeni za HLA kwenye kromosomu ya 6, kwa kuwa ndizo zinazoamua vipande gani vya protini vionyeshwe kwa seli T. Jeni ya insulini yenyewe nayo ina aina inayofanya thaimasi itoe insulini zaidi, na wenye aina hiyo hupata ugonjwa huu kwa nadra zaidi. Hata hivyo wagonjwa walio wengi hawana ndugu mwenye ugonjwa huo. Mzazi asilaumiwe kwa chai yenye sukari, wala jirani asishukiwe uchawi.

Sasa tazama ushahidi wa Afrika. Mwaka 2025 utafiti wa YODA ulichapisha matokeo ya watu 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini, waliougua wakiwa vijana na kutibiwa kama wa aina ya kwanza. Takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili dhidi ya kongosho, yaani protini za kinga zinazoashiria kwamba imeligeukia. Mtu atapinga kwamba kingamwili hufifia kadiri miaka inavyopita, na ni kweli hufifia. Lakini kundi hilo lilikuwa pia na jeni chache za hatari, na jeni hazififii. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba alama za jeni zinazopima hatari hiyo zilitungwa kwa kutegemea Wazungu, na Waafrika wana aina zao za HLA. Ni haki kuuliza hivyo. Ila Wamarekani weusi wenye ugonjwa huo wengi wao walikutwa na kingamwili, kwa hiyo asili ya Kiafrika peke yake haielezi tofauti hiyo. Lishe duni ya utotoni inashukiwa, na mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua ugonjwa unaohusishwa nayo kuwa aina ya tano. Kwangu hayo bado ni mashaka yanayostahili kufuatiliwa.

Wengine watauliza wilaya kama hii itafanya nini na vipimo vya kingamwili, wakati hospitali ya Kilembe ilibomolewa na mafuriko ya mto Nyamwamba mwaka 2020. Nakubali kwamba insulini, sindano na vijiti vya kupimia sukari vitangulie. Lakini damu husafirishwa. Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo na kufika hospitali za Kagando na Bwera, sampuli zilipelekwa maabara ya Entebbe na majibu yakarudi upesi. Faida nayo ipo: teplizumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kuchelewesha ugonjwa, hutuliza seli T, na haina kazi kwa mtoto ambaye seli T zake hazijakosa. Wizara ya Afya igharamie kipimo cha kingamwili na cha peptaidi C, kinachoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani, kwa kila mtoto anayegunduliwa kuwa na kisukari. Na hadi daktari athibitishe vinginevyo, asipunguziwe hata dozi moja ya insulini.