Je, Wajua? Kivuli cha Mwana wa Mfalme

Je, wajua kwamba adui wa ajabu kuliko wote katika gemu ya Prince of Persia alizaliwa kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa?

Gemu hiyo ilitoka Marekani mwaka 1989, kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya Apple II. Katika kisa chake, msomaji wa Alfu Lela U Lela hapotei: waziri Jaffar anamlazimisha binti mfalme aolewe naye, na kijana mpenzi wake, aliyetupwa gerezani, ana dakika 60 za kumfikia.

Watu walishangazwa kwanza na mwendo wa kijana huyo. Mtunzi, Jordan Mechner, alimrekodi kwa video mdogo wake David akikimbia, akiruka na kuning'inia. Kisha akaisimamisha kanda picha baada ya picha, akazifuatisha kwa kalamu nyeusi na wino mweupe, ndipo akaziingiza kwenye kompyuta. Kazi ya kuchosha kweli, lakini ilizaa mtu mwenye uzito: akianguka vibaya, mchezaji ndiye anayekunja uso.

Picha hizo zikameza kumbukumbu, pasibaki nafasi ya kuchora adui. Mechner akazirudia zilezile. Aliiamuru kompyuta ilinganishe kila picha na nakala yake iliyosogezwa biti moja pembeni. Palipofanana pakawa peusi, palipotofautiana pakawaka. Akatokea kivuli kinachometameta, chenye mwendo uleule wa kijana, bila mchoro hata mmoja mpya.

Kivuli hicho huchomoka kijana anaporuka kupenya kioo. Kinamwibia dawa, kinamfungia lango, na mwishowe kinamkabili kwa upanga. Hapo ndipo werevu wa Mechner ulipo. Kila jeraha unalokitia unalipata wewe, ukikiua, umekufa. Hakuna maelezo yoyote kwenye skrini. Lazima mchezaji agundue mwenyewe kwamba upanga urudishwe alani, kisha aende kukutana nacho, wawe mmoja.

Baadaye Mechner alipata nafasi kidogo, akaongeza askari wa kawaida. Ni wazuri, ila wangeweza kuwa wa gemu yoyote. Mwaka 2012 baba yake aliziona disketi za zamani zenye programu ya gemu hiyo ndani ya sanduku nyumbani. Wataalamu wakazisoma, na programu nzima ikawekwa kwenye intaneti, hila ya kivuli ikiwemo.