MCHUAJI ALIYEKATAA KUCHUA

(Mazungumzo haya yalisikika redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuyasikia.)

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba hulifanya, na ni wachache mno wanaolifikiria. Nalo ni kuchua. Mtoto akianguka, anachuliwa. Baba akirudi kazini analalamika mgongo, anachuliwa. Mchezaji akiteguka mguu, hata hajatolewa nje ya mstari, tayari kuna mtu anamkimbilia na chupa ya dawa ya kuchua. Mimi si mpinzani wa kuchua. Nimechuliwa tangu utoto na bado napenda kuchuliwa. Lakini mwaka jana nilishuhudia jambo Tabora lililonifanya nijiulize maswali.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada yangu. Jioni moja kijana wake, ambaye ni dereva wa bodaboda, aliletwa nyumbani akiwa amebebwa na wenzake wawili. Pikipiki ilikuwa imeteleza na kumwangukia mguu. Kifundo kilikuwa kimevimba kama embe bolibo. Mnajua inavyokuwa: kufumba na kufumbua ua likajaa watu, na kila mmoja ni daktari. Maji yakabandikwa jikoni, chumvi ikatiwa, kitambaa kikatafutwa. Mtu akatumwa mbio kwenda kumwita mzee mmoja wa mtaa ule, mchuaji ambaye watu humfuata kutoka mbali.

Mzee akaja na kichupa chake cha mafuta. Akaketi kwenye kigoda, wala hakuushika mguu kwanza.

"Mjukuu wangu, ulipoanguka ulisikia nini?"

"Nilisikia ka, babu."

"Uliweza kuukanyagia?"

"Hapana, babu. Nilianguka tena."

Ndipo akauchukua mguu, akaanza kubonyeza kwa kidole gumba. Hakubonyeza pale palipovimba. Alipita nyuma ya ule mfupa wa nje wa kifundo, akishuka polepole kutoka juu. Alipofika karibu na ncha yake, kijana alipiga kelele ambazo hata mimi zilinikata tumbo. Mzee akamwambia asimame ajaribu kwenda hatua chache tu. Hakuweza hata moja. Basi mzee akakifunga kichupa chake, akamgeukia dada yangu. "Mama, huyu mimi simchui. Hapa si mshipa, hapa ni mfupa. Na hayo maji ya moto yamwageni. Mpelekeni hospitali."

Dada yangu alinuna. Alidhani mzee anataka aongezewe fedha. Lakini picha ilipopigwa, mfupa ulionekana umepasuka pale pale kidole cha mzee kilipokuwa.

Jambo lililonishangaza nililijua baadaye, niliporudi na kuanza kusoma. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni ya kumsaidia daktari kuamua ni kifundo gani kilichoumia kipigwe picha na kipi hakihitaji. Kanuni yenyewe ni fupi. Kama mtu alishindwa kwenda hatua nne pale alipoumia, na bado anashindwa anapofika kwa daktari, apigwe picha. Vile vile kama mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma au kwenye ncha ya kifundo, iwe upande wa nje au wa ndani, apigwe picha. Wanatazama pia mifupa miwili ya wayo: ule ulio katikati, ubavuni mwa ndani, na ule unaotokeza ubavuni mwa nje chini ya kidole kidogo. Kanuni hii si ya mtoto mdogo asiyeweza kujieleza, wala si ya mlevi asiyesikia maumivu. Lakini kwa mtu mzima mwenye akili zake imejaribiwa nchi nyingi na ni mara chache sana mvunjiko huipita. Yule mzee wa Tabora hajapata kusikia habari za Ottawa. Alifundishwa na babu yake.

Na babu yake, aliniambia tulipoketi barazani usiku ule, alikuwa mpagazi.

Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua kwa nini Tabora ijue mambo ya misuli na viungo, ikumbuke njia ya misafara. Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyamwezi hadi Kazeh na Kwihara, penye Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ni zaidi ya kilomita 700, na zililiwa kwa miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wake na posho yake. Kazi hiyo ilidumu mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Watu wa namna hiyo wasingeweza kufanya mchezo na kifundo kilichoteguka. Mguu ukifa njiani, na ujira umekufa.

Sasa angalieni jinsi walivyojikinga. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walikuwa tayari wakichukua begani pembe ndogo ya tembo. Mtoto hakuanza na frasila mbili. Alianza na kipande, akaongezewa kadiri bega lilivyokomaa. Na msafara uliondoka alfajiri, ukatua kambi kabla jua halijawa kali. Haukutembea kutwa nzima. Mtaalamu wa viungo wa leo angewaambia hayo hayo: mwili huumia pale mzigo unapoongezeka ghafla kuliko ulivyozoea. Kijana akae miezi mitatu kwenye kompyuta, kisha Jumamosi moja acheze mpira dakika 90, halafu alaumu mshipa.

Hapa ndipo tunapodanganyana kuhusu kuchua. Watu wengi huamini kwamba kuchuliwa kabla ya mechi humkinga mtu asiumie. Mwaka 2020 wataalamu wa Sheffield, Uingereza, walizikusanya tafiti 29 kuhusu kuchua wanamichezo. Hawakuona kwamba kuchua kunamwongezea mtu mbio wala nguvu. Waliona faida ndogo mbili: viungo hulainika, na yale maumivu ya siku ya pili baada ya kazi ngumu hupungua. Si haba. Ila kinga yenyewe iko kwenye mazoezi. Yale mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+ yalijaribiwa Norway kwa wasichana wanaocheza soka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha yakipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Yanachukua dakika 20, na hayahitaji hata chupa moja ya dawa.

Na kwa wabebaji wetu wa sokoni, hakuna mafuta yatakayoshinda gunia la lumbesa. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia la kilo 100 peke yake ni karibu mara mbili ya hapo, na lumbesa ndiyo inaanzia hapo kupanda. Tunamlipa kijana ujira wa kumvunja mgongo, kisha tunamshauri akachuliwe.

Turudi kwenye mguu. Tuseme umeteguka kweli, mfupa ni mzima, unaweza kukanyaga japo kwa kuchechemea. Je, uchuliwe usiku ule ule? Hapana. Ndani kuna nyuzi zilizochanika na mishipa midogo inayovuja damu. Ukikanda kwa nguvu na kumwagia maji ya moto, unaongeza kuvuja na unaongeza uvimbe. Siku mbili au tatu za kwanza mguu uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji ya kuvutika isiyokaza, na upoozwe. Barafu iviringwe kwenye kitambaa, isiguse ngozi, ikae dakika 10 hadi 15. Asiye na friji achovye kitambaa kwenye maji ya mtungi. Lakini barafu isizidishwe. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, aliyeieneza sana habari ya barafu katika kitabu chake cha mwaka 1978, mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba inatuliza maumivu, ila ikizidi huenda ikachelewesha kupona. Huyo ni mtu wa kuheshimiwa. Wangapi kati yetu hukubali hadharani kwamba walikosea?

Uvimbe ukianza kushuka, hapo kuchua kuna kazi. Mzee alinionyesha kwenye mguu wangu mimi. Kucha zikatwe, mikono ipashwe moto kwa kusuguana. Mafuta yoyote laini yanafaa, ya nazi, ya alizeti, ya karanga. Yeye huchanganya na nta kidogo, maana Tabora ni nchi ya nyuki. Anza mbali na kidonda, kwenye misuli ya juu yake, na mkono upande kuelekea moyoni, usishuke. Mara za kwanza ni kupapasa tu kwa kiganja kizima. Kisha misuli ikilegea, ikandwe kama unga wa chapati, kwa kuishika na kuiachia. Mwisho ndipo vidole vikaribie pale panapouma, kwa kuzunguka polepole. Dakika 10 au 15 zinatosha. Mwangalie usoni unayemchua. Akivuta pumzi na kulegea, endelea. Akikunja uso na kukaza ngumi, umezidisha. Ule usemi kwamba dawa ni ile inayomliza mgonjwa, mzee aliucheka.

Na ukishachuliwa usilale tu. Andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, mara mbili kwa siku. Wiki zikipita, simama kwa mguu ule mmoja wakati unapiga mswaki. Unaonekana upuuzi, lakini mguu ulioteguka mara moja huteguka tena kwa sababu umesahau kujisawazisha, na zoezi hili ndilo linaloukumbusha.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kuguswa na mchuaji, hata awe bingwa. Penye jeraha wazi, usaha, au ngozi nyekundu yenye joto na homa, hapachuliwi. Sehemu ya mbele ya shingo panapopiga mapigo, makwapa, kinena, na nyuma ya goti, hapakandwi kwa nguvu. Na msikilizeni sana hili enyi mnaosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Tabora au Kigoma. Ukiteremka ukaona ndama ya mguu mmoja imevimba, ina joto na inauma, na wala hukujigonga popote, usimpe mtu akuchue. Huenda ni donge la damu lililoganda ndani ya mshipa. Likisukumwa linaweza kung'oka na kwenda mapafuni, na hapo mtu hufa kwa dakika. Mwenye kutoka kwenye upasuaji na mama aliyejifungua karibuni wako katika hatari hiyo hiyo. Waende hospitali.

Si kila mguu unaouma ni mshipa. Burton mwenyewe, mwezi Januari 1858, akielekea Ujiji kutoka Kazeh, alishikwa na homa iliyomwacha miguu imekufa ganzi, ikabidi abebwe kwa machela. Hakuna mkono wa mchuaji ambao ungemwinua. Leo ganzi ya miguu yaweza kuwa kisukari. Na mgongo unaouma pamoja na ganzi kwenye mapaja ya ndani, au mkojo unaokataa kutoka au unaotoka wenyewe, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna na vinyozi wetu. Ukimaliza kunyolewa anakukanda kichwa na mabega, raha tupu. Kisha anakushika kidevu na kuizungusha shingo ghafla mpaka ilie. Kanda ukubali, kuzungushwa ukatae. Mishipa ya damu iendayo ubongoni inapita humo, na ikichanika mtu anaweza kupooza. Na mzee ambaye mifupa yake imeanza kulika, wajukuu wasimkanyage mgongoni, hata akiomba.

Tena wapo waunga mifupa wanaofunga mabanzi kwa kukaza mpaka vidole vinakuwa vya baridi. Mkono uliobanwa hivyo kwa saa chache unaweza kukauka usifanye kazi tena, au ukakatwa. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, fungua pale pale, usimsubiri aliyefunga. Sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala inawataka waganga hawa wasajiliwe, kwa hiyo kuuliza cheti si utovu wa adabu.

Yule mpwa wangu alikaa na plasta wiki sita. Siku ilipotolewa mguu ulikuwa umekonda kama mwiko, na hospitali wakamwambia aanze kuuzoeza taratibu. Dada yangu alinipigia simu jioni ile kunieleza kwamba mzee amekuja, tena bila kuitwa, ameketi kwenye kigoda kile kile na kichupa chake amekifungua.