Kupaka Chokaa Kuta za Matofali



Wengi mmeniuliza kwa nini kuta za ndani za darasa jipya hazipakwi rangi ya mafuta, ilhali wazazi wamekwisha changa fedha. Yafaa nieleze, kwani fedha hizo zimetoka katika korosho, na korosho hazivunwi mara mbili kwa mwaka.

Tofali la kuchoma hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka msingini, nao huchukua chumvi njiani. Ufikapo usoni pa ukuta hukauka, chumvi ikabaki kama unga mweupe. Sasa ukiuziba uso huo kwa rangi ya mafuta, unyevu hukosa njia. Rangi huvimba, kisha hubanduka vipande vipande. Nimeona ofisi moja iliyopakwa mwezi wa Novemba, na kabla ya Pasaka sakafu ilikuwa imejaa magamba ya rangi.

Chokaa huuacha ukuta upumue. Asili yake ni mawe, kama yale ya matumbawe ya pwani, yaliyochomwa mpaka yakatoa hewa ya ukaa. Ikisha pakwa huivuta tena hewa hiyo, ikarudi kuwa jiwe. Wazee wa Kilwa waliujenga msikiti wao mkuu kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na kuta zake zingalipo.

Hapa kwetu Mnyambe shida ni maji, maana juu ya uwanda wa Makonde hapana mito. Mimi nachagua mwezi wa Juni: mvua zimekoma, kuta zimekauka, na matangi yangali na maji.

Ondoeni kwanza unga wa chumvi kwa brashi kavu. Msiuoshe, kwani maji huurudisha ndani. Chokaa ya mfuko ilowekwe usiku kucha, ichujwe, iwe nyepesi kama maziwa. Nyunyizeni ukuta maji kidogo, kisha pakeni. Mkono wa kwanza huonekana kama maji matupu, na hapo ndipo wengi huongeza chokaa ikawa nzito, ikapasuka. Ngojeni hata kesho yake, weupe utatokea wenyewe. Kisha mkono wa pili, na wa tatu.

Lakini chokaa huunguza macho. Mwanafunzi asipake bila miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu naye. Ikimwingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi dakika 20 bila kukoma, halafu apelekwe hospitali mara moja. Ndoo hiyo isiguswe kwa kazi nyingine yoyote, hata matangi yakikauka.