Jabe Haikuhama, Anwani Ndiyo Iliyohama

Mwaka 2014 hakuna nyumba ya Jabe, mtaa wa jiji la Bujumbura nchini Burundi, iliyosogea. Soko la Jabe lilibaki pale pale, upande wa Bwiza na Buyenzi, na madukani biashara iliendelea kama kawaida. Kilichobadilika ni anwani. Tarafa 13 za jiji la Bujumbura ziliunganishwa zikawa tatu, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa, na Bwiza iliyokuwa tarafa kamili ikawa zoni ndani ya Mukaza. Mwaka 2025 yakaja mengine: mikoa 18 ya Burundi ikapunguzwa hadi 5, tarafa 119 zikawa 42, na jiji lililokuwa mkoa peke yake likaingizwa katika mkoa mpana zaidi wenye jina lile lile la Bujumbura.

Kwa mwenye tovuti, mabadiliko ya namna hii ni mtihani. Tuseme duka la vipuri la Jabe lina tovuti yenye kurasa 60, na chini ya kila ukurasa kuna anwani, saa za kazi na kitufe cha kupiga simu. Je, utahariri mara 60 au mara moja? Jibu halitegemei bidii yako. Linategemea uamuzi uliofanywa siku kiolezo cha sehemu hiyo kilipotengenezwa.

Chukua WordPress, mfumo unaoendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Tangu toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2018, kihariri chake kinaugawa ukurasa katika bloku: aya ni bloku, picha ni bloku, kitufe ni bloku. Unaweza kuchagua bloku kadhaa, ukazihifadhi pamoja kama mpangilio wenye jina moja, kisha ukaziita popote unapozihitaji. Wakati wa kuhifadhi, kihariri kinakutaka useme kama mpangilio huo uoanishwe au usioanishwe. Watu wengi hubofya bila kusoma, na hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa.

Usipooanisha, kila unapouita mpangilio huo maneno yake yote yanamwagwa ndani ya ukurasa na uhusiano unaishia hapo. Ni kama mhuri: ukichonga mpya, barua ulizokwisha kuzigonga zinabaki na maneno ya zamani. Ukioanisha, ukurasa hautunzi maneno hata kidogo. Unatunza mstari mfupi wenye namba, tuseme 48, unaoiambia seva: hapa weka bloku namba 48. Bloku yenyewe inakaa mahali pamoja katika hifadhidata. Msomaji anapofungua ukurasa, seva inasoma namba, inaichukua bloku, inaishona mahali pake, halafu ndipo inatuma. Badilisha namba 48, na kurasa zote 60 zimebadilika.

Kuna dhana inayozunguka kwamba mbinu hii inapunguza data kwenye simu ya mteja. Haipunguzi. Ukurasa unafika kwake ukiwa umekwisha kushonwa, maneno yote yakiwemo. Kinachookoa data ni faili la mtindo, lile lenye rangi na vipimo vya herufi, kwa kuwa kivinjari hulitunza na kulitumia tena ukurasa baada ya ukurasa. Bloku iliyooanishwa inaokoa jasho la mhariri tu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko WordPress. Mmarekani Ted Nelson, aliyebuni neno hipateksti miaka ya 1960, alishikilia kwamba kipande cha andiko kinachotumika mahali pengi kibaki kimeunganishwa na chimbuko lake. Wikipedia ililitekeleza kwa upana mwaka 2004, vigezo, yaani vipande vya kuitwa katika kurasa nyingi, vilipopewa eneo lao katika programu yake ya MediaWiki. Katika Wikipedia ya Kiswahili, jina la kigezo likiandikwa ndani ya mabano ya mawimbi mawili mawili, seva huleta sanduku zima. Sanduku linaloorodhesha mikoa ya nchi chini ya makala linahaririwa mahali pamoja. Kurasa zinazolitumia hazibadiliki zote kwa sekunde moja, kwa sababu seva inazipanga foleni na kuzitengeneza upya kidogo kidogo.

Nguvu hiyo inakata pande zote mbili. Kosa moja la herufi katika kigezo kinachotumiwa na maelfu ya makala ni kosa katika maelfu ya makala, ndiyo maana vigezo vya aina hiyo hufungwa, na wahariri wachache tu ndio huruhusiwa kuvihariri.

Kwa Jabe kuna jambo jingine: lugha. Duka linaweza kutaka kadi ile ile ya bidhaa kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, umbo likiwa moja na maneno tofauti. Kwa muda mrefu bloku iliyooanishwa ilifunga vyote viwili pamoja. Toleo la 6.6 la WordPress, la Julai 2024, lilitenganisha: mpangilio unabaki mmoja, huku jina la bidhaa na bei kwa faranga vikijazwa upya katika kila ukurasa. Kwa maoni yangu, hayo ni maendeleo makubwa kuliko mapambo mengi yanayosifiwa.

Hata hivyo, usioanishe kila kitu. Ukifungua toleo la zamani la makala ya Wikipedia, maneno ya makala ni ya wakati ule, lakini vigezo vinaonyeshwa jinsi vilivyo leo. Ukurasa wa 2013 unaweza kukuonyesha mikoa ya 2025. Kwenye tovuti ya duka au ya shirika, tangazo la zabuni la 2016 likiwa na anwani iliyooanishwa litadai kwamba tangu zamani lilitolewa katika mkoa ambao wakati huo haukuwapo na mipaka hiyo. Basi oanisha anwani ya chini ya ukurasa, saa za kazi na namba ya simu. Tangazo, ripoti na kumbukumbu yoyote yenye tarehe, iache iwe nakala.