Sindano ya Teja na Mfuko wa Umma

Ziko gharama ambazo umma huzibeba bila ya kunung'unika. Kisima kikichimbwa au zahanati ikijengwa, hakuna aulizaye kama atakayefaidika ni mcha Mungu au fasiki. Lakini kuna kitu kimoja kidogo, chepesi kuliko kalamu, ambacho kikitajwa barazani watu hupandwa na hasira: bomba jipya la sindano apewalo mtu ajidungaye unga. Je, ni haki fedha za umma kununua kitu hicho?

Swali hili nimelikuta hata Lopur, kata iliyo jirani na Kakuma huko Turkana Magharibi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yetu. Mwenye duka mmoja, Mwislamu mwenzetu, aliniambia: "Maalim, mimi nikiuza mche wa sabuni hapa, kodi inakwenda Nairobi. Anayeununua ni mama wa Kiturkana ambaye maji ya kufulia anayafuata mwendo mrefu. Nambie, kwa nini kodi yake ikamnunulie sindano mlevi wa Mombasa?"

Ni swali la mtu mwenye haki ya kuuliza, na halifai kujibiwa kwa kebehi. Kwanza tujue ni jambo gani tunalolizungumza.

Unga wa heroini ulienea Pwani katika miaka ya 1980. Mwanzo ulikuwa wa rangi ya kahawia, na watu wakiuvuta moshi wake. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaja mweupe, ambao huyeyuka upesi majini, na vijana wetu wakaanza kujidunga. Hapo misiba ikawa miwili. Mtu akishajidunga, damu yake hubaki ndani ya bomba, na akimpa mwenzake bomba hilo amempa na damu yake. Virusi vya UKIMWI hupita kwa njia hiyo; na vile vya homa ya ini aina ya C ni vigumu zaidi kufa, kwani huweza kukaa ndani ya bomba kwa majuma kadhaa. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari ya kutisha kutoka Dar es Salaam: teja aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake tena, akampa mwenziwe asiye na fedha ajidunge damu hiyo, kwa tamaa kwamba imebaki na chembe ya unga ya kumtulizia arosto. Mtu aliyefika hapo hatazuiwa na ukosefu wa bomba safi. Atatumia lililopo.

Mpango wenyewe ni mwepesi kueleza. Mtumiaji huleta bomba alilolitumia, likatiwa katika chombo cha kwenda kuteketezwa badala ya kutupwa uchochoroni watoto wakalikanyaga, naye akapewa jipya. Anayempa humuuliza hali yake, humpima damu akikubali, humfunga vidonda, na humwonyesha njia ya matibabu. Jambo hili lilianza Amsterdam mwaka 1984, kwa ajili ya homa ya ini. Serikali ya Kenya ilipotangaza mpango wake mwaka 2012, Pwani kulizuka makelele makubwa, na baadhi ya maimamu wakasema waziwazi kwamba huko ni kuhalalisha ulevi. Hata hivyo, miongoni mwa waliokuja kuubeba mzigo huo ni MEWA, jumuiya ya Waislamu wa Mombasa wenyewe, na Omari Project ya Malindi. Hao ndio waliokuwa wakiwaona vijana hao maskani kwao kila siku.

Hoja ya maimamu ina mizizi yake. Tumekatazwa kusaidiana katika dhambi, na mafakihi wametufundisha kuziba njia iendayo kwenye uovu. Mimi niliyeshika msahafu kabla ya kushika kalamu siwezi kuibeza hoja hiyo. Lakini chuo hichohicho kilinifunza kwamba sheria imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Unga huiharibu akili. Kwa hiyo ni haramu, na bomba jipya haliuhalalishi. Bomba chafu nalo huiua nafsi, kisha huingia katika nasaba: mke ambaye hajapata kuuona unga kwa macho yake huambukizwa na mumewe, na mtoto akaambukizwa na mamaye. Madhara mawili yakikutana, na yote yasiweze kuondolewa kwa pamoja, mafakihi husema huvumiliwa yaliyo mepesi ili kuyazuia yaliyo mazito.

Wala si sisi wa kwanza kulifikiri jambo hili kwa jicho la dini. Huko Iran, mwaka 2005, mkuu wa mahakama Ayatollah Shahroudi aliwaandikia waendesha mashtaka wasiwazuie wanaotoa mabomba safi na dawa ya methadoni kwa watumiaji. Malaysia, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi, ilianza kubadilisha mabomba mwaka 2006, na mwaka 2010 methadoni ikaanza kutolewa katika msikiti mmoja wa Kuala Lumpur. Uchunguzi wa miaka mingi katika nchi mbalimbali haukuonyesha kwamba mipango ya namna hii huongeza watumiaji. Ulichoonyesha ni kwamba maambukizo hupungua.

Sasa tumrudie yule mama wa sabuni. Turkana kuna ugonjwa wa uvimbe wa maji unaoota ndani ya ini na mapafu, utokanao na mayai ya mnyoo wa mbwa. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huo kwa wingi kabisa duniani, kwa sababu huko mbwa huishi karibu sana na watu, na tangu miaka ya 1980 madaktari wa AMREF wamekuwa wakienda kupasua na kuwatibu wagonjwa. Sisi wa Pwani tunajua hukumu ya mate ya mbwa. Lakini hakuna aliyewahi kusimama akasema, "Waacheni wafe, kwani nani aliwaambia walale na mbwa?" Mgonjwa akifikishwa hospitali ya Lodwar, mshahara wa daktari na kitanda alichokilalia vinalipwa na umma, na kodi ya Mombasa imo humo. Hiyo ndiyo maana ya mfuko wa umma: mimi nakulipia ugonjwa nisioujua, nawe wanilipia usioujua wewe. Ukianza kuchagua wagonjwa kwa makosa yao, watakaobaki na haki ya kutibiwa watakuwa wachache mno.

Iko hoja nyingine nzito kuliko hiyo. Mama humpeleka mwanawe hospitali ya serikali, akaambiwa sindano hakuna, akanunue dukani. Na huku teja apewa yake bure! Uchungu huo ni wa haki. Lakini tumuulize mhasibu: bomba analonyimwa teja, je, litamfikia mtoto yule? Halitamfikia. Kitakachokuja ni mgonjwa mmoja zaidi kwenye foleni, atakayetumia dawa za UKIMWI kila siku maisha yake yote; na bei ya mabomba ni ndogo mno mbele ya bei ya dawa hizo.

Mpaka hapa msomaji atasema: basi waachiwe wafadhili, si wamekuwa wakilipa? Hapo ndipo penye hatari. Mabomba haya yamenunuliwa kwa miaka mingi kwa fedha za wageni, hasa za Mfuko wa Dunia. Na mkono wa mgeni hufunguka na kufumba kwa sababu zake mwenyewe. Bunge la Marekani lilikataza fedha za serikali yao kutumiwa katika mipango hii mwaka 1988, likaruhusu 2009, likakataza tena 2011, kisha likalegeza, ila si kwa kununulia mabomba yenyewe. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na shughuli nyingi za UKIMWI katika nchi zetu zikayumba. Yafaa uhai wa mtoto wa Kisauni utegemee kura inayopigwa Washington?

Tangu 2013 afya imekuwa mikononi mwa kaunti. Mombasa, Kilifi na Lamu zina bajeti zao, na kila mwaka kabla ya Juni kumalizika mabunge yao huyapitisha makadirio baada ya kuwaita wananchi watoe maoni. Hapo ndipo pa kusema. Tuseme bomba lilipiwe, lakini lisitolewe peke yake: liwe mlango wa kuingilia kwenye methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011 na Malindi ikafuata mwaka 2015. Tuseme pia kwamba sheria ya mwaka 1994, inayomfanya mkosa mtu aliyekutwa na chombo cha kutumilia unga, itazamwe upya; haielekei serikali kumpa mtu bomba asubuhi na kumkamata kwalo jioni. Na wauzaji wa unga wasakwe vilivyo, kwani huruma kwa mgonjwa si huruma kwa aliyemuuzia sumu.

Nimesimama kwenye jeneza za vijana wa mtaani kwetu waliokufa kwa unga. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi ya kifaya: wakitekeleza baadhi, wengine huokoka, wakiacha wote, wote wana dhambi. Kila mara sanda hununuliwa kwa mchango wetu, na sijasikia hata siku moja mtu akiuliza kama marehemu aliistahili.

*Kinga haiwi ni sifa, kwa ulevi wa kijana,*
*Ni kuziba ule ufa, wa damu kuchanganyana,*
*Hatubu aliyekufa, mwacheni aishi tena,*
*Mwenye pumzi hupona, wa kaburini hapana.*

Ikiwa mfuko wetu wajua kununua sanda bila ya maswali, basi haujashindwa na bomba la sindano.