Vitamini C na mapafu yenye kujaa maji



Kisha matangazo yetu juu ya afya, swali moja linarudi kila mara. Sokoni kunapita wauzaji wenye chupa za antioksidanti, ni kusema vitamini C, vitamini E na vitu vingine vya namna hiyo. Wanasema zinaponyesha mutu mwenye mapafu yamekamatwa kwa nguvu. Je, ni kweli?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Mutu akipata nimonia kali, malaria kali, maambukizo yenye kuenea ndani ya damu, ao kidonda kikubwa cha risasi ao cha ajali, kuta za vifuko hivyo zinaweza kuharibika ndani ya saa ao siku chache. Zinavuja. Maji ya damu yanaingia mahali pa hewa, na mutu anazama akiwa mbali na ziwa.

Sehemu ya uharibifu huo inatoka kwa askari wa mwili wenyewe. Wakipigana na mikrobi, wanatoa vitu vikali vyenye kula nyama ya mapafu kama vile kutu inakula panga. Antioksidanti inazuia kutu hiyo. Kwa hiyo wazo halikuwa la ujinga, na kwa wanyama wa maabara lilionekana kuwa zuri.

Lakini mutu si panya, kwa hiyo waganga walipima. Wanagawanya wagonjwa kwa kura: hawa wanapata dawa, wale wanapata kitu cha kufanana nayo chenye hakina dawa ile. Mugonjwa hajui amepata nini, hata muganga hajui. Kupima hivyo kunalinda watu na matumaini yao wenyewe.

Huko Marekani, wagonjwa 272 wenye mapafu ya namna hii walipimwa na chakula chenye mafuta ya samaki na antioksidanti. Kazi ilisimamishwa mbele ya wakati kwa sababu faida haikuonekana, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Kati ya wenye kupewa dawa, karibu 27 kwa 100 walikufa. Kwa wengine, 16 kwa 100. Hesabu hiyo haikutosha kusema kwa uhakika kwamba dawa iliua, lakini haikuponya.

Mwaka 2019, vitamini C kwa sindano ilipimwa kwa watu 167. Haikufikia shabaha iliyowekwa toka mwanzo, ijapokuwa waliokufa walikuwa wachache zaidi. Matumaini yakapanda. Basi mwaka 2022 kukatoka kipimo kikubwa zaidi, cha watu 872 wenye maambukizo makali. Kati ya wenye kupata vitamini C, karibu 45 kwa 100 walikufa ao viungo vyao vilibaki vimeshindwa kazi. Kwa wengine, 39. Vitamini ile ile ya machungwa! Kwa kipimo kikubwa ndani ya mushipa, ni jambo lingine kabisa.

Kupima si kazi ya kukataa tu. Mwaka 2020 huko Uingereza, deksametazoni, dawa ya bei ndogo, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa COVID wenye kuhitaji oksijeni.

Na ugonjwa huu si wa Ulaya. Huko Kigali, jirani yetu, waganga walichunguza wagonjwa 1.046 wa hospitali na kutangaza mwaka 2016 kwamba 42 walikuwa nao. Nusu yao walikufa. Wengi hawakupata kitanda cha wagonjwa mahututi.

Kula machungwa na mapapai, hatukatazi. Lakini mutu akipumua mbio, kifua kikiingia ndani, midomo ikigeuka rangi, ao akishindwa kumaliza maneno, feza ya chupa ile iwe ya kulipa moto, ao wanaume wamubebe kwa tipoyi mupaka kwenye kituo cha afya, kisha hospitali kuu ya Masisi ao ya Walikale. Anahitaji oksijeni na dawa ya ule ugonjwa wenye ulianzisha yote. Maombi yanaweza kuendelea njiani. Na kama tayari alimeza kitu cha sokoni, mupeleke chupa yenyewe, muganga aione.