Kubadili kwa Haraka Masafa ya Leza za Dayodi katika Upimaji wa Gesi

Kila gesi hufyonza nuru ya masafa fulani na kuiacha nyingine ipite. Neno masafa hapa halina maana ya umbali, bali ni idadi ya mitetemo ya wimbi la nuru katika sekunde moja. Kipimo chake ni hezi, na gigahezi 1 ni hezi milioni elfu. Oksijeni, mathalani, hufyonza nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 760, katika mistari myembamba iliyopangana kama meno ya kitana. Nuru hiyo ikipitishwa katika gesi, na ile inayobaki ikapimwa, hujulikana kiasi cha oksijeni iliyomo. Upimaji huu ndio uitwao spektroskopia ya ufyonzaji.

Katika hewa ya kawaida upana wa mstari mmoja ni takriban gigahezi 3. Nuru ya taa ni mchanganyiko wa masafa mengi mno, nayo haiwezi peke yake kuutenga mstari mwembamba hivyo. Leza ya dayodi yaweza, kwa kuwa nuru yake ni nyembamba kuliko mstari wenyewe. Leza za namna hii, ziundwazo kwa nusukipitishi, zilionyeshwa kwanza Marekani mwaka 1962. Na mwaka 1970 E. D. Hinkley wa Lincoln Laboratory alitumia mojawapo kuchunguza mistari ya gesi ya salfa heksafloraidi.

Masafa ya leza hubadilishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubadili joto la kipande kizima cha leza. Katika leza za nanomita 760, badiliko la digrii 1 ya sentigredi huyasogeza masafa kwa takriban gigahezi 30, yaani mara kumi ya upana wa mstari. Lakini njia hii ni ya polepole, huchukua sekunde kadhaa. Ya pili ni kubadili mkondo wa umeme upitao ndani ya dayodi. Mkondo ukizidi, ile sehemu ndogo sana itoayo nuru hupata joto upesi, na masafa hushuka. Kwa hiyo mkondo upandao na kushuka kama meno ya msumeno huifanya leza ipite juu ya mstari mzima maelfu ya mara kila sekunde.

Kasi hiyo si anasa. Ndani ya tanuru au injini, masizi huukinga mwali wa nuru, na hewa ya moto huupinda huku na huku. Kigunduzi huona nuru imepungua, wala hakijui kama iliyoipunguza ni gesi au masizi. Mpito ukiwa wa polepole, upungufu huo huweza kuangukia katikati ya mstari ukahesabiwa kuwa gesi. Mpito ukiwa wa haraka, masizi huwa kama yamesimama: hupunguza nuru kwa kiasi kimoja tangu mwanzo hata mwisho, ilhali gesi huipunguza penye mstari tu.

Hata hivyo kasi ina gharama yake. Kadiri mkondo unavyobadilishwa haraka, ndivyo joto linavyokosa muda wa kuufuata, na upana wa masafa yapitiwayo hupungua. Mkondo ubadilishwapo mamilioni mengi ya mara kwa sekunde, athari ya joto hufifia, ikabaki ile ya wingi wa chaji za umeme ndani ya nusukipitishi. Athari hiyo huyasukuma masafa upande wa kinyume: mkondo ukizidi, masafa hupanda. Ndiyo sababu kipimo cha masafa kilichopatikana kwa mpito wa polepole hakifai kwa mpito wa haraka.

Basi hapana budi sehemu ya nuru ipitishwe katika etaloni, yaani kipande cha kioo chenye nyuso mbili sambamba, ambacho hupitisha nuru kwa wingi kila masafa yasogeapo hatua iliyo sawa. Vilele hivyo vikihesabiwa katika kasi ile ile itumikayo kupima gesi, hujulikana masafa halisi ya kila wakati wa mpito. Kazi hiyo ikiachwa, upana wa mstari hukosewa, na kosa hilo huingia katika kiasi cha gesi kinachotangazwa.